Nakwenda Kutembea Tu, Jamani

Mimi nataka siku kumi tu. Niende, nishangae majengo ya watu, nipigwe picha mbele ya sanamu ambayo sijui ni ya nani, nirudi. Basi. Sitafuti kazi, sitafuti mchumba. Mama watoto ninaye, na ndiye aliyeleta wazo lenyewe. Alisema, "Siku hizi viza unaomba kwenye mtandao, hata sebuleni hutoki." Kweli sikutoka. Leo ni usiku wa nne.

Nchi yenyewe siitaji. Ombi langu liko mikononi mwao, na mimi si mwehu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Ukurasa wa kwanza una bahari ya buluu na mwanamke mwenye kofia anacheka, chini yake wameandika "Karibu". Hiyo ndiyo karibu ya mwisho niliyoiona. Ukibonyeza unaletewa picha tisa, uchague zenye taa za barabarani, ili uthibitishe kwamba wewe si roboti. Nikachagua tatu. Wakakataa. Sasa ule mlingoti unaobeba taa, nao ni taa au si taa? Nikauhesabu. Wakakataa. Mara ya tano mwanangu wa darasa la pili akapita nyuma ya kiti, akabonyeza tap tap tap bila hata kukaa, tukaingia. Kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu zao, binadamu wa nyumba hii ni mmoja na ana miaka minane.

Likaja suala la jina. Jina la babu yangu lina ritifaa katikati, ile alama kama ya kwenye neno ng'ombe, na jina la babu ndilo la ukoo. Nikaliandika. Maandishi mekundu: "Herufi hairuhusiwi." Nikaitoa ritifaa. Maandishi mekundu mengine: "Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti." Nikaifungua pasipoti, nikakuta babu yumo mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Juu ana ritifaa. Chini, kwenye ile mistari miwili ya kusomwa na mashine, yenye nafasi 44 kila mmoja na vialama kama mishale inayokimbia, hana. Babu mmoja, majina mawili, na wote wawili hawajawahi kupanda ndege.

Nikiwa bado natafakari nimchague babu yupi, fomu ikajifunga. Ukikaa kimya dakika 20, inakutoa nje. Na si hawa peke yao, hata ile fomu ya Marekani inayoitwa DS-160 ndivyo ilivyo, usipoigusa kwa dakika 20 inakufungia mlango. Jamani, dakika 20! Wanataka tarehe za kuzaliwa za wazazi wote wawili. Nikampigia mama.

"Mama, shikamoo. Hivi ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni fomu."

"Fomu ya nini, na mimi siumwi?"

Kumweleza kwamba kuna serikali ya ng'ambo inataka kujua siku aliyozaliwa yeye, ili mimi nikapigwe picha na sanamu, kulichukua dakika 22. Alipokubali akaanza kusimulia na mvua ya mwaka ule. Narudi kwenye skrini: "Muda wako umekwisha. Anza upya." Taa za barabarani tena. Mtoto kalala.

Ila hayo yote ni maji ya kunawa. Mchezo wenyewe uko kwenye picha.

Nikaenda kwa mpiga picha, kijana mpole. Akasoma masharti yao kwenye simu yangu, akakuna kichwa. "Mzee wangu, usicheke." Sicheki. "Sasa umenuna." Sijanuna, huu ndio uso. "Basi weka uso wa kawaida." Nikamwambia kijana, huu uso nimeishi nao maisha yangu yote, sina wa akiba. Miwani nayo marufuku. Marekani wamekataza miwani kwenye picha za viza tangu Novemba 2016, na hawa wangu wamefuata nyayo. Bila miwani kamera siioni, nikawa nalitazama feni kwa heshima zote. Na vipimo! Marekani wanataka picha ya mraba, inchi 2 kwa 2. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, wanataka milimita 35 kwa 45. Kichwa ni kile kile kimoja, lakini kwa hawa kiwe kipana, kwa wale kiwe kirefu.

Nikaipakia. "Faili ni kubwa mno." Nikaipunguza. "Faili ni dogo mno." Nikaiongeza kidogo, kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi. Ikapokelewa! Nikasimama, nikanyoosha mgongo, nikamwita mama watoto aje ashuhudie. Alipofika, skrini ikasema: "Picha imekataliwa. Masikio hayaonekani."

Masikio yangu! Nilivyotaniwa kwa masikio haya tangu darasa la kwanza! Nimeyavalia kofia miaka na miaka ili watu wasiyaone, siku moja tu yanahitajika kwa shughuli ya maana, hayaonekani. Mama watoto alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kesho yake nikarudi kwa yule kijana, akanigeuza kidogo, akanizungushia taa. Picha iliyotoka inaonyesha masikio mawili makubwa na katikati yake mtu anayesubiri hukumu. Hiyo ndiyo waliyoipenda.

Yakaja maswali ya ndiyo na hapana. Umewahi kushiriki ugaidi? Umewahi kushiriki mauaji ya kimbari? Unakusudia kufanya ujasusi ukiwa nchini mwetu? Hata Marekani wanauliza hivyo hivyo, kwa maandishi, bila haya. Mimi huwa najiuliza ni jasusi gani atakayefika hapo, aweke kalamu chini, aseme, basi tena, wameshaniuliza. Huyo jasusi mwaminifu ningependa kumwona.

Lakini msicheke sana. Visanduku vya "Ndiyo" na "Hapana" vimebanana kama mapacha, na ukurasa ukiwa bado unajivuta, unaruka. Nilibonyeza "Hapana", ukurasa ukaruka, kidole kikatua kwa jirani. Papo hapo nikawa nimekiri mauaji ya kimbari. Na mfumo haukushtuka hata kidogo. Ulifungua kisanduku kidogo kwa adabu: "Tafadhali eleza." Jasho lilinitoka, nikalitazama dirisha kama vile wameshafika. Nilirudisha jibu kwa mikono miwili, nikalikagua mara sita.

Sasa, kitu wanachokitaka kuliko vyote ni ahadi ya kurudi. Hakuna mtu aliyewahi kung'ang'ania nirudi nyumbani namna hii, hata mama watoto. Lete barua ya mwajiri. Lete cheti cha ndoa. Lete hati ya kiwanja. Kwa kesi ya mahakamani unahesabiwa huna hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Kwenye viza kibao kimegeuzwa. Wamarekani wameliandika kabisa kwenye sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b): kila mwombaji wa viza ya kutembea anachukuliwa kuwa amekuja kuhamia, mpaka aonyeshe kwamba sivyo. Yaani mimi na sanamu yangu tunaanzia kizimbani. Na Schengen wanataka bima ya afya isiyopungua euro 30,000, ambayo ndani yake imo gharama ya kurudisha maiti. Nimeisoma mara mbili. Hata ukifa, sharti la kurudi liko pale pale.

Halafu tiketi. Ukurasa mmoja unasema usinunue tiketi kabla ya kupewa viza. Ukurasa unaofuata unasema ambatisha safari yako ya kwenda na kurudi. Mjuaji mmoja akanifahamisha kwamba hapo unafanya bukingi tu bila kulipa. Sawa. Na stetimenti ya benki ya miezi sita. Shemeji akajitolea aniwekee hela kidogo akaunti inenepe, mama watoto akamzuia. "Akaunti iliyokonda miezi mitano ikanenepa kwa usiku mmoja, hata mimi ningeuliza," alisema. Nikaiacha na wembamba wake. Mishahara ya tarehe 28 ya kila mwezi imekaa pale kama mbavu.

Malipo sitaki hata kuyazungumzia. Ada hairudishwi hata wakikunyima. Kadi ilikataliwa mara mbili, na mara zote mbili benki ilinitumia ujumbe wa kunishukuru kwa kulipa.

Jana usiku, saa saba kasoro, nikabonyeza "Tuma". Ikatuma. Nikachapisha nakala, nikampa mama watoto kama mtu anayekabidhi matokeo ya mtihani. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akasita.

"Baba watoto, wewe si umezaliwa mwezi wa tatu?"

"Ndiyo, tarehe saba."

"Hapa umezaliwa Julai."

Kumbe wenzetu wanaanza na mwezi. Nilijaza 07/03 kwa moyo mmoja, nao wakanipa Julai 3, wakanipunguzia karibu miezi minne. Nikatafuta pa kurekebisha. Nikakuta sentensi moja, imetulia chini kabisa kwa herufi ndogo: ombi likishatumwa halibadilishwi, mwenye kosa aombe upya.

Kwa hiyo niko hapa tena. Taa za barabarani tumezipita, mtoto nilimzuia asilale mapema. Mama hatujampigia, tarehe nimeiandika ukutani. Masikio yamepokelewa. Mauaji ya kimbari nimeyakana. Sasa limejitokeza swali ambalo mara ya kwanza nililipita kwa kujiamini: "Umewahi kuomba viza ya nchi hii?" Ndiyo. "Tafadhali eleza kwa herufi zisizozidi 150."

Nimeandika sentensi tatu, zimezidi kwa herufi nne. Mama watoto anasema nitoe neno "tafadhali". Mimi naona hilo ndilo pekee linalonitetea. Zimebaki dakika sita.