Jana Itanyesha?

Ukianika dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, Novemba nzima shingo inauma kwa kutazama juu. Dagaa akilowa akiwa hajakauka vizuri, hapo umepata chakula cha kuku. Basi mtoto wa kaka yangu, msomi wa elektroniki, akatuletea kidude cha kuonya mvua. Nikampa chanja akifunge, na chai juu.

Betri hakina. Kina sola ya ukubwa wa kiganja, kapasita ya kuweka umeme kidogo, na redio inayorusha taarifa hadi kisanduku cha dukani, nacho kinatuma meseji kwa wanawake wote wa mwaloni.

"Shangazi, kupima unyevu hakuli umeme. Redio ndiyo mlafi, kikilala hakili hata sehemu moja ya elfu ya ile. Kwa hiyo nimekipangia ratiba: kinapima, kinalala, umeme ukitosha kinatuma."

"Usipotosha?"

"Kinasubiri." Akachukua andazi la pili.

Alhamisi wingu likatanda ziwani, jeusi kama sufuria ya msibani. Mama Zawadi akaanza kuanua. Kijana wangu akamzuia: "Mama tulia, mashine haijasema." Mashine itasema nini, na wingu limeshaziba jua inalokula? Mvua ikashuka, dagaa wakaogelea tena.

Ijumaa, jua la kupasua kichwa. Kidude kikashiba, kikakumbuka kazi. Simu za mwalo mzima zikalia pamoja: MVUA INAKUJA, ANUA DAGAA! Kabla hujafuta hiyo, nyingine. Zilikuwa zimepanga foleni tangu jana, ya zamani mbele. Wanawake mbio na maturubai, beseni zinagongana, mteja mmoja kutoka Kongo akajifunika mfuko wa plastiki kichwani, jasho linamtiririka. Bibi mmoja tu, asiye na simu, ndiye aliyebaki amekaa anatushangaa.

"Shangazi, kimefuata ratiba," kijana akajitetea.

Amekirekebisha, nikiri. Sasa kinabakiza akiba ya umeme isiyoguswa ila kwa onyo, na unyevu ukianza kupanda kinaacha kutuma vipimo vya kawaida. Onyo likipitwa na nusu saa linatupwa. Tangu hapo kimetuwahi mara kadhaa.

Lakini kila akikanyaga mwaloni, Mama Zawadi anaacha dagaa zake, anamwamkua kwa heshima zote: "Mwanangu msomi, hebu tuambie, jana itanyesha?"