Kulungu si mbuzi, wacheni hiyo ya "chumvi tu"

Kuna sheria moja watu wa Nakuru wanaishika kuliko katiba: nyama choma ni chumvi na moto, basi. Ukitokea na bakuli ya viungo hapo kwa jiko hutakosa mzee wa kukuuliza kama nyama imeoza ndio unaificha na saumu. Na kwa mbuzi mimi niko na huyo mzee. Mbuzi wa Baringo ako na mafuta yake, yanadondoka kwa makaa, moshi unarudi juu, hiyo ndio ladha, sasa unataka kuongeza nini?

Lakini hiyo sheria haiwezi kusafiri. Binamu yangu anaishi Wisconsin, huko msimu mkubwa wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni siku 9 mwezi wa Novemba, watu hadi wanachukua likizo, na yeye kila akigawiwa paja analichoma vile tunachoma mbuzi huku, chumvi na saa nzima ya moto, alafu anatupigia WhatsApp kulalamika eti nyama ya huko ni ngumu. Si ngumu, ameikausha! Kulungu hana mafuta ndani ya nyama. Na yale kidogo ako nayo nje hayafai, yakipoa yanaganda mdomoni kama mshumaa, kwa hivyo unayatoa yote, pamoja na ule utando mweupe unaong'aa juu ya nyama, ingiza kisu chembamba chini yake uvute pole pole.

Sasa hapo ndio marineti, yaani mchanganyiko wa viungo wa kulowekea nyama kabla ya kuichoma, inapata kazi. Mafuta ya kupikia ya kutosha, saumu ya kuponda, tangawizi, pilipili manga, chumvi, na rozimari, ile ile watu wamepanda kama fensi Milimani na hawaipiki. Ndimu weka kidogo tu. Watu wanadhani nyama ikikaa kwa ndimu siku mbili italainika mpaka ndani, hapana, asidi inashika juu juu, na ikizidi hiyo sehemu ya nje inakuwa unga unga ukitafuna. Chumvi ndio inaingia ndani. Mimi ningetumia maziwa lala badala ya ndimu, ukali wake ni wa pole, usiku mmoja kwa friji na imetosha (mursik, yale maziwa ya Wakalenjin ya kwa kibuyu, pia sioni kwa nini isiweze, ingawa najua kuna shosho Kericho atanilaani nikiimwaga juu ya nyama).

Moto nao msiharakishe. Choma kuni za mgunga mpaka zibaki makaa mekundu yenye jivu juu, usiweke nyama kwa ndimi za moto. Saipresi wacha, utomvu wake unatoa masizi machungu. Alafu panguza nyama kabla ya kuiweka kwa wavu ju ikiwa na maji itachemka badala ya kuchomeka. Ile nyama ya mgongoni ikatwe vipande vinene, dakika tatu ama nne kila upande, uitoe kama bado ni nyekundu katikati, uipumzishe kidogo ndio ukate.

Hapo najua nimepoteza nusu yenu. Mkenya hali nyama yenye damu, sawa, lakini hiyo si damu, ni maji ya nyama yenyewe na rangi yake, na kulungu akishakuwa kahawia mpaka ndani hakuna kachumbari itamuokoa. Bega na miguu peleka kwa sufuria, hizo ni za mchuzi.

Na kabla mtu aniulize nyama ya porini kama hiyo, hata ya swala wetu, ataipata wapi hapa Nakuru: hapati. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977, na ule mpango wa ranchi kuvuna wanyama kwa kibali ulisimamishwa miaka ya mwanzo ya 2000. Yule anakuletea nyama usiku kwa gunia anakuuzia kesi. Anaweza pia kukuuzia ugonjwa wa kimeta (anthrax), 2015 nyati zaidi ya 100 walikufa nacho ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, na vijidudu vyake vinavumilia joto, tena unaweza kuambukizwa ukiikata tu hiyo nyama, saumu haisaidii kitu. Hata huko Marekani mwindaji haruhusiwi kuuza nyama yake ya porini, ile ya dukani ni ya kulungu wa kufugwa, nyingine inatoka New Zealand.

Kama unataka kujaribu hii marineti, nunua sungura, wafugaji wako Njoro na Bahati, nyama yake pia haina mafuta na maziwa lala yanaipenda sana. Makaa yawe ya pole, upake mafuta kila ukigeuza. Tofauti ni kwamba sungura lazima aive mpaka kwa mfupa, hiyo ya nyekundu katikati ni ya kulungu peke yake.