Mpira wa Tyubu, Kilo ya Ubuyu na Pua ya Mwalimu

Katika maabara ya shule yetu, pembezoni mwa jiji la Dodoma, spiringi zote zilikuwa zimekwisha kuvutwa na vidato vilivyotutangulia hadi zikasahau urefu wake wa asili, kwa hiyo mwalimu wa fizikia aliamua kwamba tutapima ukakamavu, yaani ugumu wa kuvutika, wa ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, aliyopewa na fundi mmoja wa Majengo.

Alitukumbusha kwamba mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kuwa spiringi hurefuka kwa kadiri ya kani inayoivuta, na kwamba mteremko wa grafu ya kani na urefu ulioongezeka ndio ukakamavu wenyewe. Mpira wetu, kwa bahati mbaya, haukuwahi kusikia habari za Hooke. Tulitundika mawe ya gramu 100, kila moja likivuta kwa kani ya takriban nyutoni moja, na grafu ikapinda badala ya kunyooka. Tulipoyapunguza, mpira ukawa mrefu kuliko ulivyokuwa wakati wa kuongeza, kwa uzito uleule. Mwalimu alifurahi mno. Alisema hiyo ni nishati inayopotea kama joto, na kwamba tukizidisha mzigo tutauona mpira ukikakamaa upya.

Mawe yakaisha. Ndipo alipotoa mezani kwake kilo ya ubuyu wa unga, ambayo bila shaka mkewe alikuwa akiisubiri nyumbani, akaifunga kwenye ncha ya mpira kwa fundo lake mwenyewe.

“Samahani, Mwalimu, fundo hilo litateleza,” alisema mwenzetu mmoja, aliyefunga ndama tangu utotoni.

“Kaa chini, mwanangu. Huyu si ndama.”

Kwa kuwa rula husomwa macho yakiwa usawa wa alama, la sivyo kipimo hupotoka, mwalimu aliinama kwa utaratibu mkubwa hadi pua yake ikakaribia kugusa mpira, juu kidogo ya fundo. Fundo likateleza. Mpira ulipanda, ukakutana na pua, na mfuko ukapasukia sakafuni kwa kishindo kilichotuondolea mwalimu machoni kwa muda, ndani ya wingu jeupe lenye harufu ya uchachu.

Hakuna aliyethubutu kucheka.

“Nani amesoma rula?” sauti iliuliza kutoka katika vumbi.

Katibu wa kundi letu, binti mwaminifu kupita kiasi, alitazama daftari lake.

“Sentimita 58, Mwalimu. Kisha pua.”