Mwalimu akistaafu na miaka 55, kosa lake ni lipi?

Kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja sekondari, mmoja alituma picha za sherehe ya kumuaga mwalimu wa shule ya msingi aliyeomba kustaafu kwa hiari. Ana miaka 55. Khanga mabegani, keki, wanafunzi wamejipanga wanaimba. Nilidhani watu watampongeza. Wa kwanza akaandika: "Ana nguvu kuliko mimi, anaenda kukaa barazani ale kodi zetu." Wa pili: "Walimu wanalalamika kila siku, kumbe wanatoka na mamilioni." Wa tatu akasema afadhali kikokotoo kilikuja, yaani kanuni mpya ya kupiga hesabu ya mafao, maana wakipewa hela yote wanaongeza mke na kununua gari bovu. Vicheko vikamiminika.

Nilianza kujibu palepale, nikaona jibu linakuwa refu kuliko adabu ya kundi inavyoruhusu. Nimelileta hapa.

Nianze na hizo "kodi zetu". Mwalimu wa serikali ya Tanzania ni mwanachama wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma. Kila mwezi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri anaweka asilimia 15. Mwenye mshahara wa Sh 1,000,000 anakatwa 50,000, na mwajiri anapaswa kupeleka 150,000. Watu wanaiona hiyo 150,000 kama hisani ya serikali kwa mwalimu. Si hisani. Ni sehemu ya ujira wa kazi aliyoifanya mwezi huohuo, ila hakupewa mkononi. Amefundisha, amesahihisha madaftari, amesimamia mitihani, na katika malipo yake kuna fungu ambalo sheria imesema atalikuta uzeeni. Siku akienda kulichukua, anachukua mshahara wake uliocheleweshwa kwa miaka 30. Anayesema anakula kodi zetu anapaswa kusema hivyohivyo kila tarehe ya mshahara, kwa askari, kwa muuguzi, kwa bwana shamba. Hasemi. Anasubiri mtu azeeke ndipo amwonee kijicho.

Sasa tuje kwenye hayo mamilioni. Hapa nitakaa, kwa sababu naona watu wengi wanaocheka kikokotoo hawajawahi kukaa na kalamu.

Chukua mwalimu aliyefanya kazi miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu iliyo bora ni Sh 1,000,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni milioni 12. Alipoajiriwa, au tuseme kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, kanuni za PSPF na LAPF, mifuko ya zamani ya watumishi wa serikali kuu na wa serikali za mitaa, zilikuwa hivi: miezi yake inagawanywa kwa 540, inazidishwa na mshahara wa mwaka, unapata pensheni ya mwaka. Kwa mwalimu wetu ni milioni 8. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5, anapewa kama mkupuo, yaani kwa mara moja: Sh 62,000,000. Nusu inayobaki analipwa kila mwezi, kama Sh 333,000.

Kuanzia Julai 1, 2022, kigawanyo kikawa 580, kizidisho kikashuka hadi 12.5, na mkupuo ukawa asilimia 33. Mwalimu yuleyule, miezi ileile, mshahara uleule. Mkupuo wake sasa ni Sh 30,700,000 na ushee. Pensheni ya mwezi inapanda hadi kama Sh 415,000. Yaani amepoteza zaidi ya milioni 31 mkononi, akaongezewa kama 82,000 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe. Anahitaji zaidi ya miaka 31 ya kuishi baada ya kustaafu ili nyongeza hiyo ifidie kilichoondolewa. Akistaafu na 60, awe hai na miaka 91.

Juni 2024 serikali ilisogeza mkupuo wa waliokuwa wakipata nusu zamani, yaani asilimia 50, ukafika asilimia 40. Nakubali, ni hatua, na waliopiga kelele hadi ikafikiwa wanastahili sifa. Lakini kokotoa tena: mkupuo Sh 37,200,000, pensheni ya mwezi kama 372,000. Bado pengo na zile milioni 62 ni karibu milioni 25. Na 580 na 12.5 hazikuguswa.

Watetezi wa kikokotoo kipya wana hoja yao, na sitaki kuipita kimyakimya. Wanasema waliokuwa kwenye mifuko mingine, NSSF, PPF na GEPF, walikuwa wakipata mkupuo wa asilimia 25, kwa hiyo haikuwa haki mtumishi mmoja apate nusu na mwingine robo. Wanasema pia mifuko isingehimili. Ya kwanza ina ukweli. Ila namna ya kusawazisha ilikuwa moja tu, kumshusha wa juu sana na kumpandisha wa chini kidogo? Ya pili inanichemsha, kwa sababu inaachia hadithi katikati.

PSPF ilianza Julai 1999. Kabla ya hapo watumishi wa serikali kuu walikuwa kwenye pensheni isiyochangiwa, na Hazina ndiyo iliyokuwa na jukumu la kuwalipa. Mfuko ulipoanza ukabeba watu wenye miaka 10 au 20 kazini ambayo hakuna senti iliyokuwa imewekwa. Wakistaafu, mfuko unalipa yote. Deni hilo lilikuwa la serikali, na serikali yenyewe ililikubali: mwaka 2021 ilitoa hatifungani maalumu, yaani hati ya deni, ya Sh trilioni 2.17 kupunguza sehemu yake. Kwa zaidi ya miaka 20 mwajiri alikuwa anadaiwa na mfuko wa wafanyakazi wake. Mwalimu hakuwahi kudaiwa hata mwezi mmoja, maana yeye anakatwa kabla hajauona mshahara. Ulipofika wakati wa kuziba shimo, likazibwa kwa mkupuo wake.

Ndiyo maana hasira ilikuwa ile mwaka 2018, mifuko minne ilipounganishwa kuwa PSSSF na kanuni mpya zikaja na asilimia 25 kwa wote. Wengi tunakumbuka Desemba 28 mwaka ule, Rais Magufuli alipoita vyama vya wafanyakazi na wakuu wa mifuko Ikulu na kusimamisha kanuni zile, akasema kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Walimu niliowafahamu walirudi kupumua. Baadhi walianza kuchimba msingi wa nyumba kwa kutegemea hesabu ya zamani. Kisha 2022 ikaja hii ya 33. Mtu aliyepanga maisha yake ya uzee kwa kanuni aliyoikuta kazini anabadilishiwa akiwa na miaka 57. Atafanya nini? Atarudi nyuma akaweke akiba ya miaka 30?

Na kuna kitu ambacho sijakiona kikisemwa vya kutosha, nacho ni madaraja, yaani ngazi za cheo na mshahara. Mafao yanakokotolewa kwa mshahara. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na nyongeza za mwaka zikawa hadithi kwa miaka kadhaa. Vijana waliokuwa kazini wakati ule bado wana muda wa kufidia. Lakini mwalimu aliyekuwa amebakiza miaka minne alistaafu na daraja la chini kuliko alilostahili, na makosa hayo yakaingia kwenye kikokotoo. Kila mwezi hadi anaingia kaburini, pensheni yake inabeba daraja ambalo hakupewa. Halafu tunakaa kwenye simu tunasema amefaidi.

Hoja ya kwamba walimu wanatapanya. Wapo. Kama walivyopo wafanyabiashara, wachungaji na wanasheria wanaotapanya. Mtu mzima aliyeaminiwa kukaa na watoto wetu 100 katika chumba kimoja ghafla haaminiki na fedha yake mwenyewe? Wabunge hulipwa kiinua mgongo chao kila bunge linapofikia ukomo, baada ya miaka 5, na sijasikia anayependekeza wagawiwe kidogokidogo wasije wakaongeza wake.

Wengi wao hawatapanyi hata hivyo. Hawana cha kutapanya. Mkupuo unafika ukiwa tayari una wenyewe. Kuna mkopo wa benki, kuna ada ya chuo ya mtoto wa mwisho, kuna wale wakopeshaji wa kausha damu wanaoshikilia kadi ya benki ya mwalimu na namba yake ya siri, na tarehe ya mshahara wanatoa wao kwanza. Kinachobaki ndicho kinaezeka nyumba. Nyumba yenyewe ndiyo sababu mkupuo una maana kubwa kwao: wengi wamekaa nyumba za shule au za kupanga maisha yote, vijijini walikopangiwa, mbali na kwao. Siku ya kustaafu wanatakiwa kuondoka. Fedha za kusafirisha mizigo zinatakiwa kutoka halmashauri, na ninawajua wastaafu waliozisubiri hadi wakakopa lori.

Sasa kuhusu kuondoka na miaka 55 "akiwa na nguvu". Sheria inasema 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Hajaiba siku. Shangazi yangu alifundisha darasa la kwanza na la pili karibu maisha yake yote ya kazi. Ukimtazama kwa mbali utasema ana nguvu. Alipofika miaka 50 na kidogo sauti yake ilikuwa imekwisha. Jioni alikuwa akiongea kwa kunong'ona na kuashiria kwa mkono, asubuhi anarudi kupaza sauti mbele ya watoto wanaokaa watatu watatu na wengine chini. Miguu ilivimba. Kufundisha watoto wadogo kusoma ni kusimama, kuinama, kushika mkono wa mtoto mmoja mmoja, siku nzima. Alipoomba kuondoka mapema, jamaa wa familia walimwambia anaacha mshahara mezani. Na kweli aliuacha: anayeondoka na 55 anapoteza miezi hadi 60 kwenye hesabu, na mshahara wake wa mwisho unakuwa mdogo. Kuondoka mapema kuna gharama na anayeilipa ni yeye. Nilimheshimu siku ile kuliko siku nyingine zote, kwa sababu alisema wazi kwamba hawezi tena kuwapa wale watoto kinachowastahili.

Nakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Katika nchi ambayo wengi wanalima, wanauza genge, wanaendesha bodaboda, mtu mwenye uhakika wa 370,000 kila mwezi hadi afe ana kitu ambacho jirani yake hana. Mama anayekaanga mihogo pale stendi amefanya kazi miaka 30 vilevile, na mgongo wake unauma vilevile, na hakuna mfuko unaomsubiri. Uchungu wake ni halali. Mwalimu wa shule binafsi ambaye mwajiri wake anamkata michango ya NSSF na hapeleki, naye uchungu wake ni halali, tena huyo ameibiwa kabisa. Ninachokataa ni uchungu huo kumwangukia mtu aliyeko hatua moja mbele kwenye foleni. Zanzibar walianzisha pensheni jamii mwaka 2016, kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mvuvi au mkulima wa karafuu, akaanza kupata Sh 20,000 kwa mwezi. Ilikuwa ndogo, lakini ni ya kila mzee. Huku bara tunazozana kuhusu mwalimu kupunguziwa, wakati tungeweza kuwa tunadai mama wa mihogo naye aingizwe. Mwalimu akinyang'anywa milioni 25, hata shilingi moja haiendi kwa mama yule.

Chama cha walimu, kinachokata asilimia 2 ya mishahara yao, nacho kingepaza sauti zaidi ya kilivyopaza. Hilo wenyewe wanalijua na wanalisema.

Aliyeniumiza zaidi katika kundi lile ni yule wa kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe ana diploma ya ualimu na hajaajiriwa. Yumo katika lile jeshi la waliomaliza vyuo kuanzia 2015 ambao wameomba, wakasubiri, wakaomba tena, wakaishia kufundisha tuisheni au kuuza laini za simu. Naielewa hasira yake, na ningependa anisome hadi hapa. Ndugu yangu, yule mama wa kwenye picha angeweza kukaa kwenye kiti kile miaka mitano zaidi. Ameondoka. Nafasi imebaki wazi, kwenye somo ulilosomea wewe, katika shule yenye upungufu wa walimu. Badala ya kuhesabu mafao yake, twende pamoja ofisi ya halmashauri tukaulize kama kibali cha ajira mbadala cha nafasi yake kimeombwa, kiliombwa lini, na kimekwama mezani kwa nani.