Hifadhi ya barabara tunaihitaji, ila bikoni, zile alama za mpaka wake, ziko wapi?

Ukitoka Kimara, Dar es Salaam, kwenda Kibaha saivi kuna njia 8 kwa kilometa 19.2, na ukweli ni kwamba zisingepatikana bila hifadhi, yani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Pale hifadhi ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, na serikali ilisimamia sheria ya tangu 1932. Wanaoiona hifadhi kama uonevu tu wafikirie hili, jiji hili halingoji mtu, ukisubiri foleni ishindikane ndo utafute nafasi unakuta maghorofa yameshasimama na fidia inameza hela yote ya lami.

Lakini bomoabomoa ya 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi hiyo zilipovunjwa, siwezi kuitetea yote. Sheria ya 2007 ilipoongeza hifadhi ya barabara kuu nyingine kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, waliokutwa kwenye zile mita za nyongeza waliwekewa X ya kijani, yani wanalipwa, wengine X nyekundu, yani wanabomolewa bila kulipwa. Barabara ikikufuata unalipwa, wewe ukiifuata hulipwi. Hapo sawa kabisa. Sasa mchukue mama aliyenunua kiwanja Kibamba, hajaona bikoni hata moja, karatasi ya mauziano imegongwa muhuri serikali ya mtaa, umeme kavutiwa mpaka ndani na bili analipa kila mwezi, huyu kaifuata barabara au kaongozwa kuifuata? Mwaka huo huo wa 2017 Rais Magufuli aliagiza hata jengo la makao makuu ya TANESCO, shirika la umeme, pale Ubungo livunjwe sehemu iliyoingia kwenye hifadhi. Shirika la umma lenye wanasheria wake limejenga humo, tunamlaumuje mama wa Kibamba?

Kuna wanaotaka serikali inunue ardhi yote mapema. Ni haki, ila hela ya kulipia leo barabara ya miaka 30 ijayo inatoka mfuko ule ule wa zahanati, na ardhi ikikaa tupu watu wataivamia tu. Mi naona ardhi itumike kwa muda, kama wauza maua na miche wanavyofanya pembeni ya barabara zetu, hakuna msingi wa zege, siku ya mradi wanahamisha.

Na huko Chanika na Bunju viwanja vinauzwa kila siku, ramani ya hifadhi ibandikwe leo ofisi ya mtaa, na mwenyekiti asigonge muhuri kabla hajaiangalia.