Kibali cha bima na siku za mgonjwa

Marekani, daktari akiagiza MRI au dawa ya saratani, mara nyingi kampuni ya bima hutaka iombwe kibali kwanza. Kampuni husema bila utaratibu huo vipimo visivyo na maana vingezidi na michango ya wanachama ingepanda. Ni kweli wapo madaktari wanaoagiza picha za mgongo kwa maumivu ambayo yangepoa yenyewe.

Lakini tazama hesabu za KFF, taasisi ya utafiti wa sera za afya, kuhusu Medicare Advantage, bima ya wazee inayoendeshwa na kampuni binafsi. Mwaka 2023 maombi milioni 3.2 yalikataliwa, asilimia 6.4 ya yote. Ukiishia hapo utaona ni machache. Ila yaliyokatiwa rufaa ni asilimia 11.7 tu, na kati ya hayo asilimia 81.7 uamuzi ulitenguliwa, wote au sehemu yake. Watetezi wa bima hujibu kuwa rufaa huja na nyaraka zilizokosekana mwanzoni. Na iwe hivyo. Basi kilichopungua kilikuwa karatasi, wala si haja ya matibabu, na aliyengoja huku akiumwa ni mgonjwa. Na wale karibu tisa katika kila kumi ambao hawakukata rufaa? Ni wangapi kati yao wangeshinda? Swali hilo ndilo linalonikosesha raha.

Nesi amebana simu begani, anasubiri kuunganishwa, huku akituma tena kwa faksi fomu ile ile kwa sababu ukurasa mmoja haukusomeka. Kazi hiyo huila ofisi ya daktari kama saa 13 kwa wiki, kwa mujibu wa chama cha madaktari cha AMA.

Texas ilipata njia ninayoiona ya haki zaidi: sheria ya 2021 inamwondolea ulazima wa kuomba kibali daktari ambaye angalau asilimia 90 ya maombi yake kwa huduma fulani yamekubaliwa. Lengo ni mkaguzi wa bima abaki na wale wa kutiliwa shaka. Serikali kuu nayo, kwa kanuni ya 2024, inaidai Medicare Advantage kuanzia 2026 ijibu ndani ya saa 72 kwa dharura na siku 7 kwa mengine, na itaje sababu ya kukataa.

Kanuni hiyo haigusi bima za waajiri, zinazowabeba Wamarekani wengi walio chini ya miaka 65. Huko ombi lisilo la dharura laweza kukaa siku 15, na kampuni ikiwa na sababu, nyingine 15.