Mstari Mwekundu Umepita Katikati ya Barabara Yetu

Nimeishi miaka yote hii nikiamini kwamba mtoto huhama shule kwa sababu wazazi wake wamehama nyumba. Sasa nimejifunza kwamba mtu anaweza kukaa kitako kwake, hajasogeza hata kiti, akaamka asubuhi na kukuta shule ndiyo iliyomhama. Habari yenyewe ilinifikia kwa barua ambayo mwanangu aliisahau siku nne chini ya mkoba, ikiwa imekunjwa mara nane na kulowa maji ya chupa, na ilinieleza kwa upole wa mtu anayekukanyaga mguu huku akikuomba radhi kwamba shule yetu imo miongoni mwa zile “zinazopendekezwa kupangwa upya”. Niliisoma mara tatu nikilitafuta neno “kufunga” na sikuliona. Kulikuwa na kuunganisha, kuoanisha, kusawazisha na matumizi bora ya majengo, yaani kila kitenzi isipokuwa kile chenye kufuli. Mwanangu aliponiuliza shule hupangwaje upya, nilimwambia akumbuke jinsi anavyokipanga upya chumba chake kila ninapomkaripia, kisha aangalie chini ya kitanda.

Sikatai kwamba watoto wamepungua. Watu wanazaa wachache, wengine wamehama, na paa la jengo lililojaa nusu huvuja sawasawa na paa la jengo lililojaa pomoni, kwa hiyo anayemlipa fundi ana haki ya kuugulia. Kinachonishinda ni hiyo nusu. Nilikwenda shuleni kuitafuta, nikazunguka korido zote kama mkaguzi, na vyumba vilivyoandikwa kuwa vitupu nikavikuta vina watu: kimoja ni maktaba, kingine ni cha muziki, na cha tatu ni kile ambamo watoto saba wenye mahitaji maalumu husoma na mwalimu wao pamoja na msaidizi wake. Kwenye karatasi, chumba hicho cha tatu kinadaiwa wanafunzi lukuki ambao hawajafika. Mwalimu alinitazama nilivyokuwa nikihesabu viti, akaniuliza kama nimetumwa kuvichukua.

Nilidhani ni mkosi wetu peke yetu, hadi niliposoma yaliyotokea Chicago, ambako bodi ya elimu ilipiga kura mwezi Mei 2013 kufunga takriban shule 50 kwa mkupuo. Kanuni yao ya kupima nafasi ilianzia kwenye watoto 30 kwa darasa, na wazazi wa huko walilalamika kilekile ninacholalamikia mimi, kwamba chumba cha watoto wachache wanaohitaji uangalizi kinahesabiwa kama uzembe. Majengo mengi kati ya hayo yaliyofungwa yalikuwa bado yamekaa bure miaka 10 baadaye, na jengo lililokaa bure, kwa wasiojua, bado linahitaji uzio, mlinzi na mtu wa kufyeka nyasi. Mwaka 2015 watu 12 waligoma kula kwa siku 34 kwa ajili ya shule moja ya sekondari ya huko, Dyett, nayo ikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Nilimsomea mke wangu habari hiyo kwa sauti ya kishujaa. Akanikumbusha kwamba mimi nikichelewa kula kwa saa moja huanza kugombana na milango.

Lakini lililonikaa moyoni zaidi ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba alama za watoto ziliathirika hasa katika mwaka ule ule tangazo lilipotolewa, wakiwa bado wameketi kwenye madawati yao ya zamani. Hilo sikuhitaji mtafiti anithibitishie. Tangu barua ifike, mwanangu hajagusa kazi yake ya sayansi, na nilipomuuliza sababu alinijibu kwa utulivu wa wakili kwamba haoni busara ya kuotesha maharagwe kwa ajili ya shule itakayokufa kabla hayajachipua.

Shule mpya wanayompeleka, wanasema, iko karibu. Ni kweli iko karibu, kama wewe ni kunguru. Umbali umepimwa kwa rula juu ya ramani, na rula haina habari kwamba kati ya kwetu na huko kuna reli, kuna barabara kuu isiyo na kivuko, na kuna ukuta mrefu ambao hakuna anayejua unalinda nini. Niliamua kuutembea umbali huo na mwanangu saa ya asubuhi, tukiwa na saa mkononi. Tulifika wakati watoto wengine wanatoka mapumziko, mimi nikiwa nimeshikilia kiuno na yeye akiniuliza kama kurudi nako ni kwa miguu.

Basi nikawa mwanaharakati. Jirani yangu wa ng’ambo ya barabara, mama ambaye kwa miaka sita tumekuwa tukisalimiana kwa kupungiana mkono tu, alikuja na kitambaa cheupe, mimi nikaja na rangi, tukaandika kwa hati yangu ambayo huwa inapanda mlima kuelekea kulia: SHULE MOJA, JAMII MOJA. Tulikuwa tukikibeba kila mtu ncha yake, na nakiri kwamba sijawahi kujiona mtu wa maana namna ile.

Kisha wakubwa wakatoa ramani tatu ili tuchague. Huo ndio ufundi wenyewe, nami nauvulia kofia. Ukiwapa watu ramani moja watakupinga wote. Ukiwapa tatu watapingana wenyewe, nawe ukanywe maji. Katika Pendekezo la Kwanza tunakwenda na maji sote. Katika la Tatu, shule inabaki lakini inachukua watoto wa mitaa ambayo baadhi ya wazazi wetu, waliokuwa wakiimba umoja jana yake, ghafla waliisemea kwa kukunja pua, wakataja msongamano, kelele, na thamani ya nyumba zao. Na katika la Pili, mstari mwekundu unapita katikati kabisa ya barabara yetu: upande wangu unabaki shuleni, upande wa jirani unavuka reli.

Usiku ule niliitazama ramani ya pili kwa muda mrefu kuliko inavyomstahili mtu mwenye kitambaa kama chetu. Niliona ina mantiki. Niliona hata mstari wenyewe umenyooka vizuri, na kwamba barabara, ukifikiria kwa utulivu, ni mpaka wa asili. Nikaandika hotuba.

Kwenye mkutano kila msemaji alipewa dakika mbili na taa ndogo ya kumkatiza. Mzee mmoja, ambaye mjukuu wake wa mwisho alimaliza shule zamani, alizitumia zote mbili kumkumbuka mwalimu wake wa hesabu, na ndiye pekee aliyepigiwa makofi. Ilipofika zamu yangu nilisimama na karatasi yangu ya Pendekezo la Pili, nikageuka kuwasalimu waliokaa nyuma, nikamwona jirani amesimama ukutani na kitambaa chetu. Ncha yake ameinyanyua juu kabisa. Ncha yangu imelala sakafuni, kiasi kwamba ilisomeka SHULE MOJA tu, mengine yote yakiwa mkunjo. Nikaikunja karatasi mfukoni na kusema kwamba ninapinga mapendekezo yote matatu, kwa sababu, na hapo hapo taa ikawaka nyekundu.

Wiki hii imekuja barua nyingine, kavu safari hii, maana nimeanza kuupekua mkoba kila jioni. Wanatushukuru kwa maoni yetu yenye thamani na wameyafanyia kazi, kwa hiyo sasa kuna Pendekezo la Nne. Mstari umeiacha barabara ukaingia ndani ya viwanja, na kwa jinsi ninavyousoma unapita juu ya nyumba yangu, sebule ikibaki upande huu na chumba cha mwanangu kikienda upande wa pili. Jirani ameshaletewa yake. Amevuka barabara na kitambaa begani. Mke wangu hasemi kitu. Yuko sebuleni na futi ya kupimia, anaangalia kama kitanda cha mtoto kitaenea nyuma ya kochi.